Mkwaruzo wa Mlandege: nani alipe, na alipe kiasi gani?

Jumamosi moja ya mwezi wa saba, baridi ya Iringa ikiwa bado haijaachia, nilikuwa nachagua viazi kandokando ya soko la Mlandege. Kijana mmoja alikuwa anashuka na mkokoteni uliobeba lumbesa tatu, magunia yamefura mpaka yamemzidi kimo. Ncha ya chuma ya mkokoteni ikaupitia mlango wa nyuma wa Toyota IST ya rangi ya fedha iliyoegeshwa pembeni. Mlio wenyewe ulikuwa mdogo, kama wa mtu anayechana turubai.

Kabla mwenye gari hajatoka dukani, watu walishajaa na kila mmoja ana hukumu yake. "Apelekwe polisi." "Kamata mkokoteni mpaka alipe." "Msamehe mama, ni mtoto wa watu huyo." Mwenye gari, mama wa makamo, akautazama mlango wake, akahema, akasema, "Laki tatu." Kijana akavua kofia. "Shikamoo mama. Naomba unisamehe. Sina hata elfu ishirini."

Kazi yangu ni kukadiria hasara za magari. Katika kazi hii nimejifunza kwamba ajali ndogo huacha ugomvi mrefu kuliko kubwa. Ajali kubwa ina polisi, ina kampuni ya bima, ina wakili. Mkwaruzo wa mlango hauna mtu. Watu wawili wanaachwa na hasira ya mmoja na hofu ya mwingine, na bei inapangwa na yule mwenye sauti kubwa. Haipaswi kuwa hivyo. Deni la namna hii lina kipimo chake na lina njia yake ya kulipwa, na vyote viwili mwananchi wa kawaida anaweza kuvitumia palepale barabarani.

Bahati mbaya haifuti deni

Tuanze na polisi, maana ndiko watu wengi wanakokimbilia. Kuharibu mali ya mtu ni jinai pale mtu anapofanya makusudi. Kanuni ya Adhabu inataka nia. Kijana aliyeteleza na mkokoteni hakuwa na nia hiyo. Dereva wa gari, bajaji au bodaboda yeye ana mzigo wa ziada, kwa sababu Sheria ya Usalama Barabarani ya mwaka 1973 inamtaka asimame baada ya ajali, ajitambulishe na atoe taarifa, na kuendesha bila uangalifu ni kosa lenyewe. Lakini kumweka kijana mahabusu hakuondoi mkwaruzo mlangoni.

Kukosekana kwa jinai, hata hivyo, hakumaanishi kwamba hakuna wa kulipa. Sheria ya madhara inauliza swali moja: je, mtu mwangalifu wa kawaida, akiwa mahali pale na mzigo ule, angefanya hivyo? Mkokoteni hauna breki. Mzigo ulimziba macho. Mtu mwangalifu angepunguza gunia moja, au angeweka mwenzake mbele wa kumwongoza. Huo ndio uzembe, nao unazaa deni hata kama roho ya mtu ni safi.

Swali lilelile linamgeukia mwenye gari. Gari lililosimama haliwezi kukwepa, kwa hiyo mara nyingi halina lawama. Lakini likiwa limeegeshwa mahali palipokatazwa, au limeziba njia ya wapitao na mizigo, lawama zinagawanywa na malipo yanapungua kwa kadiri hiyo. IST ile ilikuwa imekaa vizuri ukingoni. Deni lilikuwa la kijana.

Ukucha, kibati na mafundi wawili

Sasa, kiasi gani? Kanuni ni kumrudisha mwenye gari pale alipokuwa dakika moja kabla ya ajali. Asibaki pungufu, na asipate zaidi. Mahakama zetu zinaifuata, kampuni za bima zinaifuata, nasi tunaweza kuifuata tukiwa tumesimama kando ya barabara.

Niliomba ruhusa nikapitisha ukucha juu ya mstari ule, polepole, kwa kukingama. Rangi ya gari ni matabaka: chini kuna praima, juu yake rangi yenyewe, na juu kabisa tabaka angavu linaloilinda. Ukucha ukipita bila kukwama, jeraha liko kwenye tabaka la juu tu na mara nyingi fundi huliondoa kwa kompaundi na kitambaa. Ukikwama, rangi imekatika. Ukiona weupe au ukijivu wa praima, au bati lenyewe, hapo ni msasa, pengine puti kidogo, na kupiga rangi upya. Wangu ulikwama sehemu moja, urefu wa kiganja. Kwingine kote uliteleza.

Kisha tazama rangi ni ipi. Kwenye Toyota zinazotoka Japani kuna kibati, ndani ya boneti au kwenye nguzo ya mlango, chenye herufi C/TR, na hapo pana namba ya rangi. 040 ni nyeupe ya kawaida, 202 ni nyeusi, 1F7 ni ya fedha, 070 ni nyeupe ya lulu. Namba hizi zina uzito kwenye malipo. Nyeupe ya lulu inapigwa kwa hatua tatu, kwa hiyo mkwaruzo uleule utagharimu zaidi kwenye 070 kuliko kwenye 040. Ya fedha nayo ina chembechembe zinazong'aa, na fundi mzuri huivuta kidogo kuelekea bati la jirani ili jicho lisione kiraka. Gharama hiyo ni halali na mlipaji asiikatae akidhani anaibiwa.

Baada ya hapo, wapigiwe mafundi bodi wawili, mmoja wa mwenye gari na mmoja wa anayelipa, au gari lipelekwe kwao. Kwa mlango ule mmoja alisema elfu tisini, mwingine elfu sabini. Laki tatu ilitoka wapi? Nilipomuuliza mama kwa upole, alinionyesha mwenyewe: bampa la mbele lilikuwa na ufa, na mlango wa dereva ulikuwa umebonyea tangu zamani. Moyo wake ulikuwa umejumlisha machungu yote ya gari lile na kumtwika kijana wa kwanza aliyepatikana. Ni jambo la kibinadamu kabisa. Lakini ufa wa bampa haukuwa wa mkokoteni, na aliyeharibu mlango mmoja halipi gari zima.

Upande wa pili nao ni kweli. Kama gari lingekuwa teksi au bajaji, siku linaposhinda kwa fundi ni siku bila hesabu, na hesabu hiyo ni sehemu ya hasara. Mwenye chombo anatakiwa tu asiikuze: kazi ya siku mbili ifanywe kwa siku mbili, lisiachwe kwa fundi mwezi mzima huku deni linapanda.

Karatasi moja inabadilisha mambo

Tukafika elfu themanini, katikati ya mafundi wawili. Kijana hakuwa nayo. Hapa ndipo ugomvi mwingi wa Mlandege, wa Mwanjelwa, wa soko lolote, unapoharibika: watu wanaachana na ahadi ya mdomo, "nitakutafuta", na baada ya wiki mbili simu haipokelewi. Wahenga walisema mali bila daftari hupotea bila habari.

Kuna sababu ya kisheria ya kuandika ambayo wengi hawaijui. Dai la uzembe mtupu, lisilo na makubaliano yoyote, kwa kawaida si la Mahakama ya Mwanzo. Linakwenda Mahakama ya Wilaya, ambako unatakiwa kuthibitisha uzembe na hasara, kwa gharama na muda. Ila mkiandika kwamba fulani atamlipa fulani kiasi fulani, dai hilo sasa ni deni linalotokana na mkataba, na deni la namna hiyo Mahakama ya Mwanzo inalisikiliza. Ndiyo mahakama iliyo karibu na mwananchi, inaendeshwa kwa Kiswahili, na mkulima wa Kilolo anaweza kusimama mwenyewe akajieleza. Sheria ya Ukomo ya mwaka 1971 nayo inatofautisha: miaka 3 kwa madai ya madhara, miaka 6 kwa madai ya mkataba.

Karatasi yetu ilitoka kwenye daftari la dukani. Iliandikwa hivi: tarehe na mahali, jina, mtaa na namba ya simu ya kila mmoja, namba ya gari, "mlango wa nyuma wa kushoto, mkwaruzo mmoja", shilingi 80,000, awamu 4 za shilingi 20,000 kila Jumamosi, kwa simu, na mstari wa mwisho: "Fedha hizi zikikamilika, hakuna dai lingine lolote kuhusu tukio la leo." Mstari huo ni kinga ya mlipaji. Bila huo, mwezi ujao anaweza kudaiwa bampa. Mashahidi wakawa wawili, mwenye duka na mpagazi mwenzake yule kijana. Nakala zikawa mbili, na kila mmoja akapiga picha ya mlango kwa simu yake. Ujumbe wa malipo ya simu usifutwe, kwa maana tangu Sheria ya Miamala ya Kielektroniki ya mwaka 2015 ushahidi wa aina hiyo unapokelewa mahakamani.

Mambo matatu yanaweza kuubomoa mkataba huu. La kwanza ni vitisho: sahihi iliyotolewa mtu akiwa amekabwa shati haina ridhaa, na Sheria ya Mikataba inataka ridhaa huru. La pili ni umri: aliye chini ya miaka 18 hafungwi na mkataba, kwa hiyo mtoto akivunja taa kwa mpira, aitwe mzazi au mlezi, aandike yeye. La tatu ni kiasi kisicho na mwisho, kama "atagharamia matengenezo yote". Andika tarakimu.

Na ule mkokoteni? Usikamatwe. Hata mahakama inapokamata mali ya mdaiwa, Sheria ya Mwenendo wa Madai inaziacha zana za kazi za fundi, kwa sababu ukimnyang'anya mtu jembe umejinyang'anya mavuno yanayokulipa. Ikishindikana kabisa kuelewana, mwenyekiti wa mtaa au Baraza la Kata wanaweza kuwakalisha watu kabla ya kufika mahakamani.

Ukiwa na bima, subiri kidogo

Yote niliyosema juu ya kuandikiana yanamfaa asiye na bima: mpagazi, mwendesha baiskeli, mzazi wa mtoto mwenye mpira. Dereva mwenye bima afanye tofauti. Mikataba mingi ya bima inamkataza mteja kukiri kosa au kuahidi malipo bila kampuni kuridhia. Ukiandika "nitalipa" kwanza ndipo upige simu, unaweza kujikuta umelipa peke yako. Simama, jitambulishe, toa namba ya gari na jina la kampuni yako, toa taarifa polisi kwa sababu kampuni itadai ripoti, kisha ipigie.

Bima ndogo ya gari binafsi, ambayo kwa miaka ya karibuni imekuwa shilingi 100,000 na VAT, yaani 118,000, si kwa ajili ya gari lako. Ni kwa ajili ya uliyemdhuru. Sheria inailazimisha kwa ajili ya vifo na majeraha ya wengine. Fidia ya uharibifu wa mali yao inawekwa na mkataba wenyewe na huwa na kikomo, kwa hiyo usome kabla hujaukunja. Na uhakiki stika kwenye mfumo wa TIRA, mamlaka inayosimamia bima nchini. Stika ya bandia hailipi mtu.

Mwenye gari aliye na bima kubwa naye apige hesabu. Kuna kiasi anachochangia mwenyewe kwa kila dai, na punguzo la kutokudai linaweza kupotea mwaka unaofuata. Kwa mkwaruzo wa elfu themanini, mara nyingi anapata zaidi kwa kuelewana kuliko kwa kudai. Na akidai akalipwa, kampuni inachukua nafasi yake na inaweza kumgeukia aliyeharibu.

Ukimkosa mwenye gari

Umegusa gari na mwenyewe hayupo. Mtihani wa uungwana uko hapo. Ujerumani, kuacha karatasi chini ya waipa na kuondoka hakutoshi: dereva anatakiwa asubiri kwa muda wa kutosha kisha atoe taarifa, vinginevyo ni kosa la jinai. Kwetu sokoni kuna jambo rahisi zaidi. Uliza. Mwenye genge anajua gari ni la nani, au anamjua anayejua. Usipompata, acha jina na namba yako kwa muuza duka aliye karibu, weka na karatasi kwenye kioo, piga picha ya pigo na ya namba ya gari. Kama unaendesha chombo cha moto, taarifa ya polisi ipo palepale.

Kijana wa Mlandege alituma elfu ishirini Jumamosi tatu mfululizo. Ya nne ilichelewa siku mbili, akapiga simu kabla hajapigiwa, akaeleza kwamba mvua ilikata kazi. Mama akamwambia, "Sawa mwanangu, nasubiri." Ilipotimia, alinionyesha nakala yake: amekata mstari juu ya awamu zote nne na kuandika chini, kwa mwandiko wa kutulia, "Imelipwa yote." Siku hiyohiyo alikuwa amenunua viazi, na aliyembebea hadi kwenye gari ni yuleyule.