Fahamu: Jinsi wanyama wa kufugwa walivyoleta mpox Marekani

Mei 2003, watu katika majimbo ya kati ya Marekani walianza kupata homa na vipele. Karibu wote walikuwa wamemgusa prairie dog, mnyama mdogo wa jamii ya kindi anayechimba mashimo mbugani, na ambaye wakati huo aliuzwa madukani kama kipenzi.

Chanzo kilikuwa mbali. Aprili mwaka huo, wanyama wadogo wapatao 800 waliwasili Texas kutoka Ghana, wakiwemo panya buku. Baadhi yao waliwekwa jirani na prairie dog kwa mfanyabiashara wa Illinois, na virusi vya mpox, ugonjwa huo wa homa na vipele, vikahamia kwao. Kisha vikaingia majumbani kwa kuumwa, kukwaruzwa, hata kwa kusafisha kizimba. Watu 47 katika majimbo 6 walithibitishwa au kudhaniwa kuugua. Hakuna aliyefariki.

Panya buku asihukumiwe mno; ndugu zake hufunzwa Morogoro kunusa mabomu ya ardhini na kifua kikuu. Hatari kubwa ni biashara inayochanganya wanyama wa porini bila karantini.

Hong Kong nako, Januari 2022, hamsta wa duka moja walikutwa na virusi vya korona. Serikali ikaamuru wanyama wadogo wapatao 2,000 wauawe, uamuzi uliowakasirisha wengi.

Ukimfuga mnyama mdogo, nawa mikono kwa sabuni kila umshikapo. Ukiumwa naye kisha ukapata homa au vipele, mweleze daktari unafuga mnyama gani.