Mtoto Mwenye Ufunguo

Wazazi na vijana, tuseme ni asubuhi ya Jumapili hapa Panda. Mama anataka kuchota maji mbele hayajakatika, lakini ufunguo wa robine uko kwa mtoto mdogo. Yaya yake amemshika: «Njoo kwanza tupanguse viatu!» Mama anangoja, maji yanakatika. Yaya hampiti mama kwa cheo, na bado amemshinda.

Shauri kama hilo lilipata Mars Pathfinder, chombo cha Wamarekani kilichotua kwenye sayari ya Mars tarehe 4 Julai 1997. Kompyuta yake ilikuwa na kazi nyingi, kila moja na cheo chake. (Kwa kompyuta ya namna hiyo, jibu zuri lililochelewa ni kosa tu.) Kazi kubwa ya kugawanya habari ilingoja «ufunguo» ulioshikwa na kazi ndogo, ile ya kupima hali ya hewa. Kazi za katikati zikaipita ile ndogo. Saa ikaisha, kompyuta ikajizima na kuwaka upya, na kazi zilizobaki zikangoja kesho yake. Ikawa hivyo mara kadhaa!

Mafundi kule California walilitafuta kosa kwenye chombo pacha, wakaliona. Dawa yake: anayeshika ufunguo unaotakiwa na mkubwa, apewe cheo cha mkubwa huyo mpaka autoe. Basi yaya asimshike tena mtoto. Akishatoa ufunguo, haya, arudi kwenye viatu.

Amri ilitumwa kwa redio, na Pathfinder ikaendelea kuleta habari hadi Septemba.