Mkanda Huzeeka Kabla ya Kuchakaa

Gari la mbio fupi la daraja la Top Fuel, huko Marekani, hukimbia mita 305 tu, ila hufika mwisho likipita kilomita 500 kwa saa. Hapo ndipo mkanda wa dereva unapoanza kazi yake ngumu. Miavuli miwili inafunguka nyuma, gari linavutwa ghafla, na dereva anasukumwa mbele kwa nguvu inayoweza kufika mara tano ya uzito wake. Mwenye kilo 80 anailemea mikanda kama mzigo wa kilo 400. Na hiyo ni siku njema, isiyo na ajali.

NHRA, chama kinachosimamia mbio hizo, hutaka mikanda yenye lebo ya SFI, taasisi inayoweka viwango vya vifaa vya usalama. Mikanda ya kiwango cha 16.1 hutumika miaka miwili, basi. Wenye magari hunung'unika, maana mkanda wenyewe bado unang'aa. Tena umri huhesabiwa tangu mwezi uliotobolewa kwenye lebo kiwandani, si tangu siku ulipofungwa garini. Uliolala dukani mwaka mzima umeshapoteza nusu ya maisha yake.

Manung'uniko hayo nayaelewa, lakini macho si kipimo hapa. Nailoni na poliesta, zinazofumiwa mikanda hii, ni minyororo mirefu ya molekuli, na miale ya urujuanimno ya jua huikata kidogo kidogo. Aliyewahi kuona kamba ya nguo ya nailoni ikikatika uani bila kuguswa anajua habari hiyo. Rangi ikipauka, ni dalili mbaya; isipopauka, si ushahidi wa uzima. Chembe za mchanga nazo hupenya kwenye mfumo na kukwaruza nyuzi kila mkanda unapokazwa. Asidi ya betri ndiyo mbaya zaidi kwa nailoni.

Ajali ikitokea, tarehe haina maana tena. Mkanda humwokoa dereva kwa kutanuka: nyuzi zake hunyonya sehemu ya nguvu ya kishindo, na zikishavutwa kupita kiasi hazirudi zilivyokuwa. Safari ya pili hazitakuwa na cha kutanua, hivyo seti nzima hutolewa.

Gharama inapunguzika kidogo. Bizimu na vyuma vingine vikiwa vizima, mtengenezaji huvikagua, huvishonea utepe mpya na kubandika lebo mpya. Fundi cherehani wa mtaani, hata awe hodari vipi, kazi hiyo haruhusiwi.