Asiyejua maana na aambiwe maana

Wahenga walinena kuwa asiyejua maana haambiwi maana. Katika utafiti wa afya, nathubutu kusema kwamba kinyume cha methali hiyo ndicho haki: asiyejua ndiye wa kwanza kuambiwa.

Yaliyotukia Tuskegee, katika jimbo la Alabama nchini Marekani, ni ushahidi tosha. Mnamo mwaka wa 1932 Idara ya Afya ya Umma ya nchi hiyo ilianza kuwachunguza wanaume weusi wapatao 600, wengi wao wakulima maskini. Kati yao, 399 walikuwa na kaswende. Hawakuelezwa hivyo, bali waliambiwa kuwa wana "damu mbaya". Walipodungwa sindano ya uti wa mgongo kwa ajili ya uchunguzi tu, waliambiwa ni matibabu maalumu ya bure. Waliahidiwa hata gharama za mazishi, ili maiti zao zipasuliwe. Kufikia katikati ya miaka ya 1940 ilijulikana kuwa penisilini huponya kaswende, lakini walinyimwa. Unyama huo haukukoma hadi 1972, magazeti yalipoufichua.

Yafaa ikumbukwe kwamba tangu 1947 Kanuni za Nuremberg zilikuwa zimetamka kuwa ridhaa ya hiari ya mshiriki ni sharti. Tena zilitolewa na mahakimu Wamarekani waliowahukumu madaktari wa Kinazi. Kanuni zilikuwepo basi. Kilichokosekana ni neno la kweli kwa mkulima.

Humu nchini, utafiti wa afya sharti upitishwe kwanza na kamati ya maadili. Hilo ni jema. Hata hivyo, kamati haiketi kibarazani na mama anayeombwa damu ya mwanawe. Alama ya kidole gumba kwenye fomu asiyoielewa si ridhaa. Ridhaa ni kujua kwamba huu ni utafiti wala si tiba, kujua hatari zake, na kujua kwamba anaweza kukataa au kujitoa asinyimwe matibabu yake ya kawaida.

Walimu, wapeni wanafunzi zoezi hili: wamweleze bibi nyumbani, kwa lugha yake, tofauti ya kutibiwa na kufanyiwa utafiti, bila kumficha neno. Miongoni mwao wamo watafiti wa kesho. Atakayeshindwa, naonelea hajawa tayari kuomba damu ya mtu.