Mwalimu wa sanaa asiiweke brashi chini

Katikati ya Kampala, kando ya Nile Avenue, imesimama Sanamu ya Uhuru: mama ambaye mwili wake umezongwa kwa vitambaa, akimwinua juu mtoto aliye huru. Iliundwa mwaka 1962, mwaka ambao Uganda ilipata uhuru wake. Wengi wanaopiga picha mbele yake hawajui kwamba aliyeiunda alikuwa mwalimu. Gregory Maloba, mzaliwa wa magharibi mwa Kenya, alifundisha uchongaji katika chuo cha Makerere mjini humo, akawa na wanafunzi wa kuwasimamia na kazi za kusahihisha kama mwalimu mwingine yeyote. Baadaye alihamia Nairobi, akaendelea kufundisha huko.

Maloba hakuwa peke yake. Sam Ntiro, mtoto wa Machame, Kilimanjaro, alisoma Makerere kisha shule ya sanaa ya Slade mjini London, akarudi Makerere kufundisha. Mwaka 1956, akiwa mhadhiri, alichora wanaume wakipeleka pombe ya ndizi kwa bibi harusi usiku. Mchoro huo ulinunuliwa na Jumba la Sanaa za Kisasa la New York. Elimo Njau wa Marangu, aliyesomea Makerere sanaa na ualimu, alichora mwaka 1959 picha kubwa za maisha ya Kristo kwenye kuta za kanisa la Murang'a, akampa Yesu sura ya Mwafrika na mandhari ya milima ya Kenya. Francis Nnaggenda, mwalimu wa uchongaji Makerere, alichonga kwenye mti umbo la mhanga wa vita katika miaka ya 1980, Uganda ikiwa bado inavuja damu.

Kazi hizi zisichukuliwe kuwa za ziada, zilizofanywa mwalimu alipomaliza wajibu wake. Zilikuwa sehemu ya wajibu wenyewe. Mwanafunzi wa Maloba aliyeiona sanamu ile ikisimamishwa mjini alijifunza jambo ambalo ubao wa darasani hauwezi kumwonyesha: kwamba kijana wa Afrika Mashariki anaweza kupewa uwanja wa umma, akaujaza.

Leo hali ya walimu wengi wa sanaa ni ngumu zaidi. Mhadhiri ana vipindi, vikao vya idara, mitihani na wanafunzi wa mwaka wa mwisho wanaoandaa maonyesho. Akifika nyumbani jioni, turubai limeegemea ukuta mwezi wa tatu sasa. Wahenga walisema mfinyanzi hulia gaeni, na msemo huo unamfaa: anawapa vijana mia mikono ya kufanyia kazi, yake imelala.

Tatizo si uvivu. Kazi ya sanaa haikubali vipande vya muda. Udongo wa mfinyanzi lazima ufunikwe kwa plastiki na kutazamwa, la sivyo hukauka upande mmoja na kupasuka. Gogo bichi likiachwa juani lina nyufa kabla patasi haijaligusa. Rangi ya mafuta inataka siku kadhaa kati ya tabaka moja na jingine, na anayeirudia baada ya mwezi huwa ameshasahau alichokusudia. Saa moja kati ya vipindi viwili inatosha kusahihisha insha. Haitoshi kuingia ndani ya mchoro, achilia mbali kutoka humo na jambo jipya.

Hata hivyo, mwalimu anayeacha kuchora huanza kupoteza pia ualimu wake. Anabaki na kanuni alizosoma miaka iliyopita. Hajui tena bei ya rangi dukani, wala namna ya kuongea na mwenye jumba la maonyesho, wala jinsi ya kuifunga picha isiharibike ndani ya basi. Zaidi ya hayo, anasahau jinsi mtu anavyojisikia kazi inapomkatalia. Mwanafunzi anapoketi mbele ya turubai lililoharibika, anamhitaji mtu ambaye wiki hiyo hiyo amekwangua rangi yake mwenyewe na kuanza upya. Ushauri wa mtu wa namna hiyo una uzito, kwa sababu unatoka kwenye kazi iliyo mbele yake.

Ipo hatari ya upande wa pili, nayo tuiseme wazi. Wapo wanaofundisha kwa ajili ya mshahara tu, akili yote iko kwenye maonyesho yao. Wapo wanaowageuza wanafunzi vibarua wa kuwapigia msasa sanamu bila malipo wala kutajwa. Wapo pia ambao darasa lao zima huhitimu likichora kama wao. Mwalimu mwema anaileta kazi yake darasani kama swali, anawaonyesha ilipokwama, kisha anarudi nyuma ili kila kijana apate mkono wake mwenyewe.

Walimu wanaofanikiwa kushika pande zote mbili wana taratibu zinazofanana. Wakati wa muhula wanafanya kazi ndogo: michoro ya penseli, vitabu vya rasimu, vinyago vya kushikika mkononi. Kazi kubwa wanaziwekea likizo. Wanatenga asubuhi moja ya wiki ambayo hakuna kikao kinachoigusa, na wanailinda kama kipindi chochote cha ratiba. Wanafanya kazi karibu na karakana ya wanafunzi, mlango ukiwa wazi.

Lakini nidhamu ya mtu mmoja haitoshi pale taasisi inapovuta upande mwingine. Vyuo vingi bado humpima mhadhiri kwa makala alizochapisha kwenye majarida ya kitaaluma. Makala ni muhimu, ila kumpandisha cheo mchongaji kwa maandishi peke yake ni sawa na kumwambia aache kuchonga. Maonyesho yaliyopitiwa na wajuzi, sanamu iliyosimamishwa hadharani na mkusanyiko wa michoro ni utafiti, na vipewe alama za utafiti. Likizo ya utafiti impe mchoraji karakana pamoja na maktaba. Na chuo kinachojenga jengo jipya kitazame kwanza walimu wake wa sanaa kabla ya kuagiza mapambo ng'ambo.

Kwa wakuu wa vyuo, ombi ni hili: mpeni mwalimu wa sanaa muda, chumba na heshima ya kazi ya mikono yake. Kwa walimu wenyewe: endeleeni kuchora, hata kidogo, kila wiki. Na wewe msomaji, ukisikia idara ya sanaa ya chuo kilicho karibu nawe imefungua maonyesho ya walimu wake, nenda ukatazame, na ukiweza, nunua.