Nani mgeni kule Kamango?

Katika shirika la kikristu, nani ana haki ya kusema? Tuangalie Kamango. Mwaka 1910 Wabelgiji na Waingereza walipokata mpaka kwenye mto Lamia, waliwagawa watu wa luga karibu moja: Watalinga upande wetu, Babwisi upande wa Uganda. Mwezi wa Julai 2013 ADF waliposhambulia Kamango, watu zaidi ya 60,000 walikimbilia Bundibugyo. Aliyejiita mwenyeji asubuhi, usiku alilala ugenini, tena kwa watu wanaosikia luga yake!

Lakini Bambuti huhesabiwa wageni hata katika pori la Beni walimotangulia wao. Sheria namba 22/030 ya tarehe 15 Julai 2022 inalinda haki zao. Ni vema, lakini wengi hawajaandikwa kwa serikali. Hapo katekista ana kazi, wala si ya kuhubiri tu: mtoto akizaliwa, awasindikize wazazi ofisini kabla ya siku 90 kwisha, maana ndani ya siku hizo kuandikwa hakulipiwi. Na shirika likichagua viongozi, Mumbuti naye atajwe. Mpaka sasa tunamkumbuka hasa siku ya kubeba kuni za misioni.