Si Kila Homa ni Malaria

Baridi ya miteremko ya Mlima Kenya, pale Kibugu katika Kaunti ya Embu, haimkingi mtoto na homa. Na homa imshikapo, jirani hutaja malaria, mwenye duka huuza vidonge, na mzazi hungoja kukuche. Katika kungoja huko, maisha huweza kupotea.

Uchunguzi uliofanywa katika hospitali ya Kilifi kati ya 1998 na 2002, na kuchapishwa 2005, ulifichua jambo zito. Takriban robo ya vifo vya watoto hospitalini humo vilihusiana na bakteria walioingia katika damu. Miongoni mwa waliofariki hivyo, theluthi moja walikata roho siku ile ile waliyolazwa.

Bakteria wanapoenea katika damu, mwili huweza kupambana nao kwa fujo hata ukajidhuru wenyewe: figo, mapafu na moyo huanza kulemewa. Hali hiyo ndiyo wataalamu waiitayo sepsisi.

Tone la damu la kupimia malaria haliwezi kuitambua. Sharti damu itiwe katika chupa yenye lishe ya bakteria, kisha wangojewe waote kwa siku moja au zaidi. Mgonjwa mahututi hawezi kungoja muda huo. Ndiyo maana daktari huchukua damu, kisha akaanza papo hapo kudunga dawa, aghalabu penisilini na jentamaisini kwa watoto.

Yupo atakayeuliza: kama tiba hutangulia, maabara ni ya nini? Jibu ni kwamba maabara humwonyesha daktari kama dawa aliyoichagua yafaa au bakteria wameizoea. Kutibu kwa kubahatisha siku zote ni kulea usugu.

Tangu 2013, huduma hizi zimo mikononi mwa serikali za kaunti. Basi bajeti ya afya isiishie kwenye majengo na rangi. Zahanati za mashambani ziwe na sindano ya kwanza ya kumdunga mgonjwa kabla hajapelekwa hospitali kuu, nayo maabara ya hospitali hiyo iweze kuotesha bakteria.

Nasi wazazi tuna wajibu wetu. Dalili ya mvua ni mawingu. Mtoto anayehema mbio, asiyeweza kunyonya, aliyelegea, au mwenye mikono na miguu baridi ilhali kifua chawaka moto, apelekwe kwa mganga usiku huo huo.